Upepo Uliosokotwa

Wateja walimwita Rula, na jina hilo hakulipata bure. Miaka thelathini na sita alikaa nyuma ya cherehani ileile, kwenye chumba kimoja chenye dirisha la kutazama barabarani, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyemrudishia suruali eti mshono umekwenda upande. Chaki aliitumia kidogo sana. Alikunja kitambaa, akakipitishia ukucha, akakisukuma chini ya sindano, na mshono ukaenda moja kwa moja huku yeye anapiga soga na mteja. Marehemu mume wake alizoea kuwaambia watu kwamba mke wake akikata mkate, vipande vinatoka sawasawa kama vitabu vya darasa moja.

Kwa hiyo si ajabu kwamba lilimkaa rohoni neno aliloambiwa na kaka yake asubuhi moja, katikati ya uwanja wa mpira.

"Mdogo wangu," kaka alisema, "mkono wako umepinda."

Kaka huyo alikuwa kifungua mimba kwao, na Rula kitinda mimba, na kati yao kulikuwa na miaka kumi na moja. Alikuwa mwendesha kreni. Maisha yake ya kazi aliyamaliza angani, ndani ya kijumba cha vioo, akipandisha nondo na ndoo za zege kwenye maghorofa ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuingia yalipokwisha. Alipostaafu alianza kuunda ndege. Hazikuwa za kupanda mtu. Zilikuwa ndogo, za kubeba kwapani, alizozichonga kutoka kwenye yale mapovu meupe magumu yanayofungashiwa televisheni. Puani alitia mota ya umeme yenye pangaboi la plastiki, tumboni betri, kisha akazirusha kwa rimoti. Wifi yake Rula, yaani mke wa huyo kaka, alisema afadhali ndege, kuliko wale wanaume wanaostaafu kisha wanaanza kukagua masufuria.

Halafu kiharusi kikampiga. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi, lakini vidole vya mkono wa kulia viligoma. Ndege aliyokuwa ameimaliza wiki moja kabla, nyeupe yenye mkia mwekundu, ilikaa juu ya kabati la sebuleni miezi saba bila kuguswa. Siku moja wifi alifika kwa Rula na sketi ya kupunguza kiuno, akaitupa mezani na kusema yaliyomleta hasa.

"Wifi, njoo umchukue kaka yako. Anaitazama ile ndege mpaka mimi naona wivu."

"Nimpeleke wapi?"

"Uwanjani. Wewe una mikono, yeye ana mdomo. Changanyeni, labda mtapata rubani mmoja."

Ndivyo fundi cherehani wa miaka hamsini na nane alivyojifunza kurusha ndege. Kila Jumamosi na Jumapili asubuhi, kabla jua halijachachamaa na upepo haujaamka, walikuwa kwenye uwanja ulio nyuma ya maghala, kaka kwenye kiti cha kukunja na dada amesimama mbele yake na rimoti mikononi. Rimoti ilikuwa na vijiti viwili. Cha kulia kiliinua na kushusha pua, na kulaza mabawa. Cha kushoto ukikisukuma mbele kiliongeza nguvu ya mota, na ukikilaza pembeni kiligeuza usukani ulio kwenye mkia, pua ikaelekea kushoto au kulia. Wiki ya kwanza aliipeleka ndege kwenye nyavu za goli. Wiki ya tatu aliichomeka kwenye matope kama karoti. Kaka aligundisha bawa kwa mkono mmoja, akiminya chupa ya gundi kwa meno, wala hakulalamika. Mwezi wa tatu Rula alikuwa anapaa, anazunguka uwanja mzima na kutua bila mtu kufumba macho.

Ndipo kaka akasema alichokuwa amekitunza siku zote.

"Sasa ipandishe wima. Mimi nimeinua mizigo miaka thelathini, yote imekwenda juu wima. Nataka kuiona na hii ikienda."

Rula alisukuma kijiti cha kushoto mpaka mwisho na kuvuta cha kulia taratibu. Ndege iliinua pua, ikasimama juu ya mkia wake, na kuanza kupanda. Hakuwa amejiandaa kwa jambo lile. Mpaka hapo ndege kwake ilikuwa kitu kinachokwenda mbele, kama gari lisilo na barabara. Sasa ilikuwa inakwenda mahali ambapo hakuna kitu, inajivuta yenyewe juu, na mlio wa mota ulikuwa kama kitambaa kirefu kinachochanwa bila kwisha. 

Halafu, kabla haijafika juu ya paa la ghala, pua ilianza kulala kushoto. Ilikwenda kidogokidogo, kama mtu anayesinzia kwenye benchi, mpaka njia yote ikawa imepinda na ndege ikaanguka pembeni. Rula aliiokoa chini chini. Alirudia. Ikalala kushoto tena. Mara ya tano, kaka akatamka lile neno la mkono uliopinda.

"Unaposukuma kijiti cha kushoto kuongeza nguvu," alieleza, "kidole gumba kinateleza pembeni. Hujui, lakini unagusa usukani. Watu wengi wanafanya hivyo."

"Mimi si watu wengi, kaka."

"Sikusema kwa ubaya."

"Najua," Rula alisema, akaikusanya ndege na betri zake, na njiani kurudi alizungumzia bei ya nyanya tu.

Siku saba lile neno lilikuwa linamla. Hakumkasirikia kaka yake, maana kaka alikuwa mkweli na alisema alichokiona. Alichoogopa ni kwamba huenda ni kweli. Alikuwa amefika umri ambao shangazi zake walianza kutetemeka. Jumatano alichukua kitambaa cheupe, akafumba macho na kushona mshono wa futi tatu bila kutazama. Alipofungua macho akaupima. Ulikuwa umenyooka.

Jumamosi alikwenda uwanjani na vipande viwili vya kadibodi ngumu. Alivibandika kwa gundi ya karatasi kwenye rimoti, kimoja kila upande wa kijiti cha kushoto, kijiti kikabaki kwenye mfereji mwembamba. Kiliweza kwenda mbele na nyuma, basi. Pembeni hakikuweza hata kama ungekilazimisha.

"Shika mwenyewe," alimwambia kaka yake.

Kaka alikisukuma pembeni kwa mkono wake mzima. Hakikusogea. Akatikisa kichwa, akamrudishia.

Ndege ilipaa, ikasimama wima, ikapanda, na ikalala kushoto.

 Kaka akasema labda ni upepo. Rula akairusha ikitazama maghala, akairusha ikitazama barabara, akairusha kwa pande zote nne za uwanja. Majani ya kando ya uwanja hayakutikisika hata moja. Popote ilipotazama, ikishasimama wima na mota ikiunguruma kwa nguvu zote, pua ililala kuelekea kushoto kwake yenyewe, upande lilipo bawa lake la kushoto. Ilipokuwa inaruka kawaida juu ya uwanja ilinyooka bila tatizo.

"Mkono wako haukupinda," kaka alisema mwishowe. Alisema taratibu, akitazama chini. "Nilikosea, mdogo wangu. Lakini sasa sijui ni nini, na hilo linanitesa zaidi."

Rula aliichukua ndege na kwenda nayo kwenye chumba chake cha kazi. Jumatatu nzima ilikaa kwenye meza ya kukatia nguo, kati ya mkasi na pasi, na wateja walioingia waliuliza kama siku hizi anashonea nguo hata ndege. Aliipima kwa futi ya utepe. Mabawa yalilingana. Mkia ulisimama sawa. Kaka yake alikuwa ameijenga vizuri kama ambavyo yeye angeshona koti. Aliizunguka meza, akashika tama, na akawa anafikiria ile suruali ambayo kila fundi huletewa siku moja: mishono yake imenyooka, vipimo vyake ni sahihi, lakini mteja akiivaa na kutembea, mguu mmoja unajizungusha mpaka mshono wa pembeni unakuja mbele ya goti. Ukiikagua huoni kosa. Kosa liko ndani ya kitambaa, kwenye namna nyuzi zilivyolala kilipokatwa. Msokoto upo, ila umejificha mpaka mtu atembee.

Kama ndege nayo ilikuwa inasokotwa na kitu, basi kitu hicho kilijificha mpaka mota iwake.

Alitoa kidonge cha uzi mwekundu, akakata vipande vya urefu wa kidole, vipande arobaini na kitu. Kila kimoja alikibandika kwa ncha moja tu, ncha nyingine ikaachwa huru. Alivipanga juu ya mgongo wa ndege kutoka puani mpaka mkiani, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, chini ya tumbo, na kwenye lile pezi jekundu linalosimama juu ya mkia. Kisha akamtumia kaka yake ujumbe aje na rimoti.

Kaka alikuja na wifi, ambaye alisema hakubali kusimuliwa. Rula aliondoa pini na mikasi yote mezani, akaifunga ndege kwa mikanda miwili ya ngozi ili isitoroke, pua ikitazama ukutani. Wote watatu walisimama nyuma ya mkia.

"Sukuma," alisema.

Kaka alisukuma kijiti kwa mkono wa kushoto. Pangaboi liligeuka ukungu. Karatasi za vipimo ziliruka kwenye misumari, magauni yaliyoning'inia yakaanza kucheza, wifi akashika kitambaa chake cha kichwa. Na zile nyuzi zote, zilizokuwa zimelegea, ziliamka kwa pamoja.

Rula alikuwa ametegemea zilale kuelekea nyuma, maana pangaboi linapuliza nyuma, na hilo hata mtoto analijua. Hazikulala hivyo. Zile za mgongoni zilikwenda nyuma lakini zimeinama kulia. Za ubavu wa kulia ziliinama chini. Za tumboni, alipochungulia, ziliinama kushoto, na za ubavu wa kushoto zilipanda juu. Ukizifuata kwa macho kutoka puani, uzi mmoja baada ya mwingine, ziliuzunguka mwili wa ndege kama mistari ya kwenye parafujo. Na pale mwisho, kwenye pezi la mkia, nyuzi za upande wa kushoto zilikuwa zimegandamizwa bapa kabisa, zimebanwa kama zimepigwa pasi, wakati za upande wa kulia zilipapatika tu hewani.

  Maisha yake yote Rula alikuwa ameishi ndani ya hewa, ameivuta, amefungua dirisha ili iingie, na hakuwahi kufikiri kwamba inaweza kuwa na umbo. Sasa ilikuwa mbele yake na umbo lake limechorwa kwa uzi mwekundu: kamba nene ya upepo, iliyosokotwa na pangaboi, imeizunguka ndege kuanzia puani hadi mkiani. Hata chumba chenyewe kilionekana kigeni. Alijiuliza ni kamba ngapi za namna hiyo zimepita humu miaka thelathini na sita, kutoka kwenye feni ya dari, na yeye amekaa chini yake anashona.

"Zima," wifi alisema kwa sauti ndogo, kisha akasema, "Hapana, usizime. Acha nione tena."

Betri ilipokaribia kwisha, ndipo kaka alipozima. Alivuta kiti, akakaa.

"Hewa inapiga pezi ubavuni," alisema. "Inausukuma mkia kulia."

"Na mkia ukienda kulia," Rula alimalizia, "pua inakwenda kushoto."

"Lakini kwa nini ikiruka kawaida haipindi shingo hivyo?" wifi aliuliza, na lilikuwa swali zuri kuliko yote ya siku ile.

Kaka alifikiri sana. Alikuwa na kawaida ya kuzungusha kifundo cha mkono ule mgonjwa kwa mkono mzima. "Ikiruka kawaida," alisema, "mota haifanyi kazi sana, na ndege inakimbia. Hewa ya mbele inaingia kwa kasi, inaunyoosha ule msokoto, na pezi linapata upepo mwingi ulionyooka wa kulishikilia. Ikipanda wima inabeba uzito wake wote. Mota inalia kwa nguvu zote na mwendo ni mdogo. Hapo mkia unaoga upepo wa pangaboi karibu peke yake."

Rula alikuwa amekiokota kidonge cha uzi na anakigeuzageuza.

"Kaka, uzi una mkono. Kuna uliosokotwa kulia na kuna uliosokotwa kushoto. Fundi asiyejua akitia wa kinyume kwenye cherehani, unafumuka kwenye sindano. Huu upepo nao tukiusokota kinyume?"

Kaka alimtazama muda mrefu. Kisha akacheka, kicheko ambacho wifi alisema baadaye hakukisikia tangu hospitali. Nyumbani kwake, kwenye boksi la vipuri, kulikuwa na pangaboi ambalo alilinunua kwa makosa miaka miwili nyuma na kulilaani kuwa bovu kwa sababu lilipuliza upepo mbele badala ya nyuma. Halikuwa bovu. Lilitengenezwa kwa ajili ya mota inayozunguka upande wa pili. Na mota ile ilikuwa na nyaya tatu. Ukibadilisha nafasi za mbili kati ya hizo, mota inageuka kuzunguka kinyume.

Jumamosi iliyofuata walikuwa uwanjani jua likitoka. Rula alivihakikisha vipande vya kadibodi, akapaisha, akaisimamisha wima, na kusukuma nguvu zote. Ndege ilipanda. Ilifika usawa wa paa la ghala, ikapita, na pua ikaanza kulala.

Ililala kulia.

Rula aliirusha mara sita, na mara zote sita ilikwenda kulia, kwa upole uleule na usingizi uleule. Alipoitua, alikaa kwenye nyasi zenye umande bila kujali sketi. Siku ile ya nyuzi alikuwa ameona. Leo alikuwa ameamuru. Alikuwa ameushika upepo ambao hakuna anayeuona, akaugeuza kama mtu anavyogeuza kitambaa ndani nje, na ndege kule juu ikatii. Alimtazama kaka yake. Naye alikuwa anatazama mahali patupu angani, pale ndege ilipokuwa.

"Miaka thelathini nimekaa juu," kaka alisema. "Nilidhani napajua."

Kuinyoosha kulihitaji kazi ya kawaida tu. Walirudisha pangaboi la kwanza na nyaya zake. Kaka alisema kama upepo unavuta pua kushoto, basi mota yenyewe itazamishwe kulia kidogo, ivute upande wake, na viwili hivyo vimalizane. Rula alikata vijipande vya plastiki kutoka kwenye mfuniko wa ndoo, akavitia nyuma ya mota, chini ya skrubu mbili za upande wa kushoto. Vitatu vilizidi, pua ikaenda kulia. Kimoja hakikutosha. Viwili vilikaribia, na kwa kuwa yeye ni Rula, hakukubali kukaribia. Alikisugua kimoja kwa msasa mara mbili, mara tatu, akirudi kuirusha kila baada ya kusugua. Mtu aliyesimama mbele ya ndege ile asingegundua kwamba mota inachungulia pembeni. Ilikuwa tofauti ya unene wa kucha.

Asubuhi ambayo ndege ilikubali kunyooka, wifi alikuwepo, amekuja na chupa ya chai. Rula aliisimamisha ndege wima na kusukuma. Ilipita paa la ghala. Ilipita waya za umeme za mbali. Ilipita kimo cha kreni, maana kaka alinong'ona, "Hapo ndipo nilipokuwa nakaa," na ikaendelea. Haikulala kushoto wala kulia. Ilikuwa inapungua tu, nyeupe, nyeupe kidogo, doa, na mlio wake ukaja kwa kuchelewa na kwa upole. Rula alijua kwamba kule juu, kuuzunguka mwili wake mdogo, ile kamba ya upepo ilikuwa bado inasokotwa na bado inagonga pezi kwa nguvu zilezile. Haikuwa imeondoka. Ndege ilikuwa imejifunza kuegemea. Kwake jambo hilo lilikuwa la ajabu kuliko kama upepo ungenyamaza.

Wifi alikuwa ameinua uso, mdomo wazi, chai inamwagika taratibu kwenye kiatu.

Alipoitua na kubadilisha betri, Rula alivibandua vile vipande vya kadibodi. Halafu akavuta kiti cha kukunja cha pili, akakiweka kubanana na cha kaka yake upande wa kulia, akakaa, na kuiweka rimoti juu ya magoti yao, nusu kwake nusu kwa kaka.

"Kijiti cha kushoto sasa kinasukumwa mbele tu," alisema. "Usukani hauhitaji kuguswa. Mkono wako wa kushoto ni mzima."

 Kaka aliweka kidole gumba juu ya kijiti, akakiondoa, akakipangusa kwenye suruali, akakirudisha. Wifi aliirusha ndege kwa mkono, kaka akaitia nguvu ya kuruka tu. Rula aliizungusha uwanja mara moja, akaileta mbele yao, akavuta kijiti chake mpaka pua ikatazama juu kabisa.

"Sasa, kaka," alisema.

Kaka akasukuma.

Ilipanda mpaka wifi akasema hawezi kuiona tena, na Rula akasema yeye bado anaiona, na kaka akaendelea kukibana kijiti kwa kidole chake, uso umetazama juu.